Sheria imefuatwa. Je, nimemaliza wajibu wangu?



Msimu wa kuomba vyuo ukifika, kuna swali ambalo halikosekani kwenye makundi yetu na hata pale nje ya kanisa baada ya Misa: "Nimemaliza HGL, nataka sheria, lakini siasa nayo naipenda. Hivi Mkatoliki anaruhusiwa?" Na wazazi nao wana lao. Mama anasema siasa ni mchezo mchafu, baba anasema mawakili wote waongo, mjomba anasema wewe soma tu, utatuletea hela. Jibu langu ni fupi: ruhusa unayo. Mtakatifu Thomas More alikuwa wakili, akawa jaji, akafika kuwa Kansela wa Uingereza, akakatwa kichwa mwaka 1535 kwa sababu dhamiri yake haikuuzwa. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa. Kwa hiyo kama ni suala la ruhusa, tumelimaliza.

Sisi wa Mwanza tuna sababu nyingine ya kutoliogopa. Pale Malimbe, Nyegezi, kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Kilianzia kwenye chuo cha mafunzo ya jamii cha mwaka 1960, kikawa chuo kikuu mwaka 1998, na sheria inafundishwa pale. Kaulimbiu yake ni kuujenga Mji wa Mungu, na imetoka kwenye kitabu ambacho Augustino alikiandika baada ya Roma kuvamiwa mwaka 410. Humo anauliza, nalisema kwa maneno yangu: ukiiondoa haki, dola ina tofauti gani na genge la majambazi, zaidi ya ukubwa? Swali hilo ni la sheria na ni la siasa kwa wakati mmoja. Wapo wanaovaa fulana yenye kaulimbiu ile miaka yote ya chuo bila kujiuliza ilitoka wapi, lakini haya, tuendelee.

Swali gumu ni jingine, na aliyenifanya niliandike ni dada mmoja anayesoma sheria mwaka wa tatu. Baba yake mdogo, ambaye ndiye anayemlipia ada, alimpigia simu. Marehemu babu aliacha shamba karibu na ziwa, na shangazi yao, mama mtu mzima asiye na mume, analilima. Sasa kuna mnunuzi. Baba mdogo akasema: wewe si unasoma sheria? Tuandikie karatasi nzuri, makubaliano ya familia, kwamba shangazi ameridhia shamba liuzwe. Tutamsomea, ataweka dole gumba, mashahidi wapo. Shangazi hajui kusoma. Dada akaniuliza: "Kila kitu kitakuwa kisheria. Mbona moyo unakataa?"

Kabla sijasema nilichomjibu, fungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21.

Wengi wetu tunakumbuka kwamba mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi na mkewe Yezebeli akamuua Nabothi. Tunakumbuka kama hadithi ya mama mkatili. Isome tena kama mwanafunzi wa sheria, utashangaa. Kwanza, Ahabu alianza vizuri tu. Hakunyang'anya. Alitoa fidia: shamba bora zaidi, au fedha taslimu. Nabothi akakataa, kwa kuwa ule ulikuwa urithi wa baba zake. Mfalme akarudi nyumbani, akalala kageukia ukutani, akasusa kula kama mtoto. Ndipo Yezebeli akaingia, na alichofanya ni kuandika barua. Barua kwa jina la mfalme, zenye muhuri wa mfalme, kwa wazee na wakuu wa mji. Mfungo ukatangazwa. Baraza likaketi. Mashahidi wakawa wawili, kama Torati inavyodai. Shtaka likawa lile ambalo adhabu yake ilijulikana. Hukumu ikatekelezwa nje ya mji.

Yaani ukilikagua faili, halina kasoro. Mamlaka ipo, muhuri upo, mashahidi wapo, utaratibu umefuatwa. Siasa ilitaka shamba, sheria ikalitoa. Kitu kimoja tu hakikuwepo, nacho ni ukweli.

Angalia pia wale wazee. Hawakuwa wageni. Biblia inasema waliishi na Nabothi mji mmoja. Walimjua, labda watoto wao walicheza pamoja. Walipokea barua, wakaona muhuri, wakatekeleza. Hakuna hata mmoja anayetajwa kuuliza swali. Kama unasoma sheria leo, katika sura ile kiti chako ni cha wale wazee. Hujawa mfalme, na wengi wetu hatutakuwa. Tutakuwa watu wa kupokea barua na kuandika barua.

Sasa nije hapa hapa Mwanza, maana kuna kesi ambayo ningependa kila kijana wa Kanda ya Ziwa aijue. Inaitwa Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory na mwenzake. Mama Holaria alikuwa Mhaya, na baba yake alimwachia ardhi ya ukoo kwa wosia halali. Alipoona uzee unakuja na hana wa kumtunza, mwezi Agosti 1988 akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda mahakamani: kwa mila, mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Na hakusema uongo. Sheria za mila zilizoandikwa na kutangazwa mwaka 1963 zilimpa mwanamke matumizi ya ardhi ya ukoo, si kuiuza. Mahakama ya mwanzo ikampa mpwa ushindi. Mahakama ya wilaya ya Muleba ikapindua. Rufaa ikavuka ziwa ikaja Mahakama Kuu Mwanza, kwa Jaji Mwalusanya.

Februari 1990 Jaji akasema mila ile inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na pia na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania yenyewe ilitia saini. Mauzo yakawa halali. Lakini hakuufuta ukoo. Kwa mwanaume aliyeuza ardhi bila idhini, mila iliruhusu wana ukoo waikomboe kwa kurudisha fedha. Jaji akasema haki iwe hiyo hiyo hapa: mpwa alipe zile 300,000 ndani ya miezi sita aichukue, la sivyo ni ya mnunuzi. Mimi napenda sana sehemu hii ya hukumu kuliko ile inayonukuliwa kila mahali, kwa sababu inaonyesha mtu aliyewaona wote wawili waliosimama mbele yake.

Hapo msomaji makini atanisimamisha. "Ngoja kwanza. Nabothi alikataa kuuza urithi wa baba zake, nawe unamsifu. Holaria aliuza, nawe unamsifu. Yule mpwa si angeweza kuingia mahakamani na 1 Wafalme 21 mkononi?" Angeweza kabisa. Na hii ndiyo sababu siamini kwamba kujua vifungu kunatosha, viwe vya sheria au vya Biblia. Maneno "urithi wa baba zetu" kinywani mwa Nabothi yalikuwa kinga ya mnyonge mbele ya mfalme. Maneno yale yale, yakielekezwa kwa mama mzee asiye na mtunzaji, yanageuka kuwa nguvu ya mwenye nguvu. Huwezi kujua yapi ni yapi mpaka uulize nani ana uwezo hapa, nani anaamua, na nani hakuitwa kwenye kikao. Maswali hayo huyapati kwenye kifungu. Ni maswali ya siasa, siasa ile ya maana yake ya kwanza, jinsi watu wanavyoishi pamoja na kugawana nguvu.

Ndiyo maana nasema anayesoma sheria bila kuielewa siasa anasoma nusu. Katika vyuo vya Uingereza ni jambo la kawaida kuikuta shahada moja ya sheria na siasa. Kwetu kwa kawaida unaingia sheria, na siasa unakutana nayo kupitia somo la katiba. Lakini ichukue kesi ya Holaria uone. Zile haki Jaji alizozitumia zilitoka wapi? Tanganyika ilipopata uhuru, Mwalimu Nyerere na wenzake walikataa kuziweka kwenye Katiba, wakihofia kwamba zingeifunga mikono serikali changa yenye kazi ya kujenga nchi. Katiba ya 1977 nayo haikuwa nazo. Zikaingia mwaka 1984, kwa msukumo wa mjadala wa kisiasa na wa mawakili, na hata hapo serikali ikaomba miaka mitatu ya kujiandaa. Zikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988. Holaria aliuza shamba Agosti 1988. Miezi mitano, jamani! Mama mmoja wa Muleba akasimama juu ya sakafu ambayo wanasiasa walikuwa wametoka tu kuiweka.

Najua kumtaja Mwalimu hivyo kunawachoma baadhi yetu, maana ni Mtumishi wa Mungu na mchakato wake ulianzia Jimbo la Musoma, hapa hapa jirani. Nampenda pia. Alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, na miongoni mwa masomo yake ilikuwemo sheria ya katiba na falsafa ya maadili, mchanganyiko ambao ningependa vijana wengi waupate. Bado ni yeye ambaye katika urais wake ilitumika sheria ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Na ni chini yake, kabla hajang'atuka, zile haki zikaingia kwenye Katiba. Mtu mmoja. Utakatifu hauhitaji tufiche mafaili, na anayesoma sheria na siasa asipoweza kumpenda mtu na kulisoma faili lake kwa pamoja, atapata shida.

Na usidhani 1990 ilimaliza kila kitu. Wajane wawili wa Shinyanga walifukuzwa kwenye nyumba walizoishi na waume zao. Walipofika Mahakama Kuu, mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba mila za urithi zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta, ikisema mila hazibadilishwi kwa hukumu. Walikwenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 ikawapa haki. Kama si mahakama, basi ni nani? Bunge. Na bungeni ndiko wale tunaowaambia siasa ni mchezo mchafu hawataki kwenda.

Turudi kwenye dhamiri. Mwanafunzi yeyote wa sheria anaijua kesi ya konokono. Mama mmoja huko Scotland mwaka 1928 alikunywa soda ya tangawizi, kumbe ndani ya chupa kuna konokono aliyeoza, au ndivyo alivyodai. Hakuinunua yeye, alinunuliwa na rafiki, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Je, mtengenezaji anawajibika kwake? Mwaka 1932 Lord Atkin alijibu kwa kuanzia kwenye swali la mwanasheria wa Injili ya Luka sura ya 10: jirani yangu ni nani? Akasema sheria inalijibu kwa ufinyu. Jirani yako kisheria ni yule ambaye ungepaswa kuwa naye akilini unapofanya jambo, kwa kuwa tendo lako litamgusa.

Ufinyu huo si kosa la mahakama. Sheria lazima iwe na mipaka, la sivyo kila mtu angemdai kila mtu. Lakini mkumbuke yule mwanasheria wa Luka. Swali la kwanza alijibu vizuri, akapata maksi zote. Kisha akataka tafsiri ya neno moja, "jirani", ili ajue mwisho wa wajibu wake uko wapi. Yesu hakumpa tafsiri. Alimpa mtu aliyelala barabarani akiwa nusu mfu, halafu akaligeuza swali: nani alikuwa jirani kwake?

Kuna maswali mawili ambayo chuo kitakufundisha. Sheria inauliza: nani ana hatia? Siasa, ikiwa safi, inauliza: nani alikuwa na dhamana? Sisi wa kanda hii tuna mfano mkubwa wa tofauti yake. Miaka ya katikati ya 1970 vikongwe walikuwa wanauawa huku Mwanza na Shinyanga kwa tuhuma za uchawi. Serikali ikaendesha operesheni ya kuwasaka wauaji. Lengo jema kabisa. Lakini waliokamatwa wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumgusa mtu. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Alijiuzulu, kwa sababu wizara ilikuwa yake. Mwaka 1985 nchi ikampa urais. Mzee Mwinyi alikuwa Mwislamu, na katika hili naona alimwelewa nabii Eliya kuliko Wakristo wengi. Maana Eliya alipotumwa kule shambani, hakwenda kumtafuta aliyerusha jiwe. Alimwendea Ahabu, ambaye hakuandika barua wala hakutoa ushahidi, akamwambia kwamba ameua.

Halafu lipo swali la tatu, ambalo darasani huliulizwi na mtihani hauna: nani ameumia, na yuko wapi sasa hivi?

Kwa hiyo yule dada nilimjibu hivi. Kwanza, wewe bado si wakili. Una shahada ya kumaliza, halafu Shule ya Sheria Dar es Salaam, na tunajua moto wake, mwaka 2022 kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Huna mteja, kwa hiyo usijifiche nyuma ya maneno "natimiza kazi yangu". Pili, dole gumba la mtu asiyejua alichokubali ni sawa na ule muhuri wa mfalme. Linaonekana halali, ndiyo sababu limetafutwa. Tatu, tumia ulichosoma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke. Kijiji kina baraza la ardhi la wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Mwambie baba mdogo, kwa heshima na bila kumhutubia, kwamba uko tayari kuandika, lakini kikao kifanyike shangazi akiwepo, asomewe na mtu aliyemchagua yeye, na aambiwe bei. Pengine atakubali kuuza! Holaria aliuza. Shida yangu haiko kwenye kuuza.

Akaniuliza, na hapo sikuwa na jibu tamu: "Na ada je?" Sikumwambia Mungu atafungua mlango kesho asubuhi. Thomas More hakufunguliwa mlango. Nilimwambia aongee na padre mlezi wa TMCS mapema, aende ofisi ya chuo kuomba kulipa kidogo kidogo, na asiache kumpigia simu baba mdogo hata akinuna, maana naye ni jirani, na bado ni baba.

Wiki mbili baadaye akaniandikia. Karatasi hakuiandika. Alikwenda mwenyewe kumtembelea shangazi, akamsomea mambo yalivyo, wakala samaki, akarudi Mwanza na kivuko cha jioni. Baba mdogo hapokei simu. Ada ya muhula huu haijalipwa bado. Ameomba tumkumbuke, yeye na familia yake yote, kwenye rozari ya Jumamosi, nami nawaomba ninyi mnaosoma hapa mfanye hivyo.